Jasho la Kamanda

Mficha uchi hazai, ndivyo wanavyosema. Mimi niliufunua wangu wote mbele ya daktari na wanafunzi wake, na hapo ndipo uzazi wangu ulipokoma.

Sindano inaingia chini kidogo ya kitovu. Nesi anaibana nyama ya tumbo, anasema, "Vuta pumzi, Bwana Quashie," na kidonge kama punje ya mchele kinabaki humo ndani, kikifanya kazi yake kwa miezi mitatu. Kazi yake ni kuzima homoni ya kiume. Ndevu zinabaki. Sauti inabaki. Kile kingine kinalala, na hakiamki hata ukikiimbia.

Saratani ya tezi dume, alinieleza daktari, inakula homoni hiyo kama mbuzi anavyokula majani. Yangu ilikuwa imeshavuka uzio. Iko kwenye mifupa ya kiuno na ya mgongo, na kuikata hakuwezekani tena. Kilichobaki ni kuinyima chakula.

"Na mimi nitabaki na nini?" nilimuuliza.

"Utabaki hai," akasema.

Mliniacha Jumatatu ya Kanivali, nimesimama katika uwanja wa shule ya kijiji chetu hapa Tobago, taji la karatasi kichwani na upanga wa mbao mkononi, watu wazima na watoto wananicheka. Kwa aliyekuwa safarini, nitasema kwa kifupi.

Mimi ni Ancil Quashie, mfuga mbuzi na mwamba matari. Katika bendi yetu ya wasemaji mimi ndiye Mfalme Beberu. Tunavaa vinyago vya waya na makoti ya utepe, tunatoka mmoja mmoja, tunarushiana majigambo ya vina, kisha msemaji anagonga upanga chini na kuamuru fidla ipigwe. Selwyn Arthurs ndiye Kamanda wetu. Ni mume wa dada yangu Ismay, na ni rafiki yangu tangu tulipokuwa tukiiba miwa pamoja.

Ukimtoa mke wangu Zelma, ni Selwyn peke yake niliyemwambia habari ya sindano. Ni yeye aliyenipeleka hospitali kwa gari lake, kwa kuwa langu lilikuwa limekufa na fundi alikuwa hajalifufua.

Naye ndiye aliyesimama mbele ya kijiji kizima akasema:

*Beberu wa majigambo, zizini ametulia,*
*Majike wakimpita, macho anawafumbia;*
*Daktari kamdunga, mbegu zimemkimbia,*
*Mfalme wenu ni ndafu, bizari twamtilia.*

Akagonga upanga chini. Fidla ikapigwa. Ndafu ni beberu aliyehasiwa akanenepeshwa kwa karamu.

Hapo ndipo mliponiacha. Sasa sikilizeni nilichomfanyia.

Kwanza kanuni. Mzee aliyeianzisha bendi yetu alituachia moja tu, nayo ina pande mbili. Neno la mchezoni hujibiwa mchezoni. Humpigi mtu ngumi, humpeleki polisi, humnunii. Na anayeomba radhi kwa neno alilolisema akiwa ndani ya kinyago anakabidhi upanga wake, hasemi tena mpaka anazikwa.

Kwa hiyo sikumpiga. Nilikwenda nyumbani nikavua taji.

Kesho yake nilipita dukani, pale wanapochezea domino na ramu. Mezani kulikuwa na mtu mmoja ambaye hata jina lake silitaji, maana hakulipata kwa kazi yoyote ya maana.

"Mfalme," akasema bila kuinua macho, "mbuzi wangu jike anatafuta dume. Nimlete kwako, au nimpeleke kwa mwenye uwezo?"

"Mpeleke kwa mkeo," nikasema. "Yeye anajua wenye uwezo walipo."

Walicheka, lakini walinicheka mimi. Na pale pale jasho likanijia.

Ninyi msiolijua jasho hili, shukuruni. Linaanza kifuani, kana kwamba mtu amewasha jiko la mkaa nyuma ya mbavu. Linapanda shingoni, linaingia kwenye nywele, linakutiririka mpaka kwenye kope. Kisha linaondoka ghafla na kukuacha unatetemeka kama mbwa aliyetolewa mtoni. Nilisimama mbele yao nikilowa, na wakazidi kucheka.

Nyumbani Zelma alinitazama, akaingia chumbani, akatoka na upepeo wake wa kanisani.

"Karibu, mzee," akasema. "Mimi huko nimetoka juzi, hedhi ilipokoma. Kaa karibu na dirisha, vaa pamba, na usigombane na mtu kabla ya kunywa maji."

"Sirudi hospitali, Zelma."

"Kwa sababu gani?"

"Wananiita ndafu."

"Ndafu ni mbuzi aliye hai," akasema. "Unajua aliyekufa anaitwaje? Mchuzi."

Nikaenda. Nilichomwa sindano ya pili huku nimeuma meno, si kwa maumivu, bali kwa kumfikiria Selwyn. Nesi Denoon alinionyesha kipimo cha damu. Kilikuwa kimeshuka vizuri kabisa. Mgongo ulionizuia kuinama kukamua mbuzi ulikuwa umelegea. Dawa ilikuwa inafanya kazi, na kila ilipofanya kazi niliikumbuka ile bizari.

Kanuni inasema usinune. Kwa hiyo bendi ilipoanza mazoezi ya Pasaka, nilikwenda. Mazoezi huwa uani kwa Selwyn, jioni, upepo ukipanda kutoka bondeni.

"Mfalme," akanisalimia, "hujafa?"

"Nakungoja wewe unitangulie, Kamanda. Wewe si ndiye mkubwa?"

Tukacheka wote wawili kama watu wanaopendana.

Sasa, matari yetu ni ya ngozi ya mbuzi, na ngozi ya mbuzi haisemi mpaka ipashwe moto. Kila jioni tunawasha nyasi kavu na kuyazungusha juu ya ndimi za moto mpaka sauti ikaze. Tangu ujana wetu kazi hiyo ni ya Selwyn. Hakumwachia mtu. Alikuwa akisema sisi wengine tunaunguza.

Jioni ile alikaa mbali na moto, kwenye ngazi, akamwachia mpiga fidla ayapashe.

Nikamtazama.

Upepo ulikuwa mzuri, wa kukausha nguo. Selwyn akafungua kifungo cha shati. Akafungua cha pili. Akatoa kitambaa, akafuta kifua, akafuta shingo, akafuta kisogo, kwa mpangilio ule ule ninaoujua mimi. Baada ya kitambo akafunga vifungo vyote, akaingia ndani, akatoka amevaa sweta.

Sweta. Katika Tobago.

Mpiga fidla alipomvika mkanda wa koti la Kamanda na kuuvuta kifuani, Selwyn alijikunja. "Polepole hapo," akasema. Mimi pia chuchu zangu zinauma. Siku hizi siwezi kumbeba mwanambuzi kifuani.

Ndipo yaliyopita yote yakajipanga. Kila aliponipeleka hospitali alikuwa akisema, "Wewe ingia, mimi nakwenda kutafuta kipuri cha gari." Kipuri hicho sikukiona hata mara moja. Na ni yeye aliyenishauri niombe Alhamisi. "Alhamisi ni nzuri kwangu," alisema. Alhamisi ndiyo siku ya kliniki ya sindano.

Nilidhani ninasindikizwa. Kumbe ndani ya gari lile tulikuwa wagonjwa wawili, na mmoja tu ndiye aliyechekwa.

Nilifika nyumbani nikamkuta Zelma akimenya mbaazi.

"Shemeji yako ana mabadiliko," nikamwambia.

"Mabadiliko gani?"

"Yale yako. Na yangu."

Mikono yake ikasimama juu ya bakuli. Zelma si mtu wa kuelezwa mara mbili.

"Maskini Selwyn," akasema.

"Maskini nani?"

"Ancil, usifanye unachokifikiri."

"Nataka upike kaa kwa ajili ya Jumanne ya Pasaka. Kaa wa bizari na madonge ya unga. Peleka bakuli kubwa kwenye meza ya Ismay, kama kawaida yako."

"Hilo tu?"

"Tia pilipili mbuzi."

Akamenya mbaazi moja. Akamenya nyingine. Mke wangu ni mwimbaji wa kwaya katika kanisa la Wamoravian na hajawahi kumtukana mtu. Lakini siku ile ya Kanivali alikuwepo uwanjani, na wanawake wenzake walimgeukia wakamtazama kwa huruma.

"Ngapi?" akauliza.

Jumanne ya Pasaka ni siku ya mashindano ya mbuzi. Wakimbiaji hukimbia miguu mitupu nyuma ya mbuzi wao, kamba mkononi, na kati ya mbio moja na nyingine bendi za wasemaji huitwa uwanjani. Siku hiyo kisiwa kizima hukusanyika hapo, hata wale waliohamia Trinidad na kujifanya wamesahau njia.

Mimi nilikula shelisheli la kuchemsha na maji. Jasho langu linachokozwa na pilipili na ramu kama nyuki wanavyochokozwa na mawe. Hilo nililijua kwa mwili wangu. Selwyn alikaa mezani kwa dada yangu akavunja miguu ya kaa mmoja baada ya mwingine.

"Zelma," akaita, "leo umetaka kutuua."

"Kula, shemeji," Zelma akamjibu. "Ramu iko hapo ya kuteremshia."

Akateremshia.

Bendi yetu ikaitwa. Tukavaa vinyago. Selwyn alisema wa kwanza, kama Kamanda anavyopaswa, na alisema vizuri. Alijigamba kwamba jogoo wa kijiji huomba ruhusa yake kabla ya kuwika. Mimi nilisimama upande wa kulia nikimtazama kidevu. Nilitazama kidevu tu.

Akamaliza, akagonga upanga. Fidla ikalia. Zamu ikawa yangu, nami sikuanza. Nilizunguka uwanja polepole. Watu wakadhani nimesahau maneno.

"Mfalme, mbegu zimekimbia na maneno pia?" akauliza yule wa domino.

Nikazunguka tena.

Kisha tone la kwanza likatoka chini ya kinyago cha waya cha Kamanda. Likaning'inia kwenye kidevu, likadondoka kwenye utepe. La pili likalifuata. Kola ya koti ikaanza kubadilika rangi.

Nikavua kinyago changu. Nikafungua shati mpaka kitovuni, nikaweka ncha ya upanga pale penye alama ya sindano. Nikasema:

*Nimedungwa, nakubali, sindano hii tumboni,*
*Jasho langu nalijua, hunianza kifuani;*
*Nawauliza wenzangu, mlioko kivulini:*
*Upepo wavuma hivi, Kamanda alowa nini?*

Vichwa vyote vikamgeukia. Nami sikumpa nafasi.

*Aliyeniita ndafu, zizini yuko, si mbali,*
*Kitanda chetu kimoja, sindano zetu ni mbili;*
*Mimi nimevua shati, yeye kavaa la pili,*
*Shemeji, livue koti, tuhesabiwe wawili.*

Nikagonga upanga chini. "Fidla."

Mpiga fidla hakupiga.

Nilisikia mbuzi wakilia kwenye mstari wa kuanzia. Selwyn alisimama kama nguzo ya maji, anatiririka. Mkono wake ulikwenda kwenye kifungo cha koti, nikafikiri, basi, analivua. Haukufungua. Ukashuka.

"Fidla," nikasema tena, nikimtazama mpiga fidla machoni. Akapiga, vibaya, kama mtu anayekata mbao kwa msumeno.

Mtu mmoja akacheka kule nyuma. Kisha meza ya domino. Kisha wote. Selwyn aliuweka upanga wake chini ya mkono, akakatiza katikati ya njia ya mbio, kinyago bado usoni, akaenda zake.

Msitegemee niseme niliumia. Kile kicheko nilikila kama mkate uliotoka tanuru. Nilirudi nyumbani nikalala usingizi mtamu kuliko wote tangu ugonjwa ulipogunduliwa. Zelma ndiye aliyegeuka geuka.

"Hakulivua koti," akasema gizani.

"Hilo ni lake."

"Angelivua, wangewacheka wote wawili, mambo yakaisha."

"Lala, Zelma."

Pasaka ikapita. Selwyn hakuonekana dukani. Hakuonekana kanisani. Mazoezi yakahamishiwa kwa mpiga fidla. Mimi nilitembea kijijini kichwa juu. Yule wa domino alinipisha njia, akaniita Bwana Quashie. Nilikuwa mgonjwa, lakini nilikuwa mgonjwa mwenye jina.

Ndipo asubuhi moja Ismay akaja. Hakubisha hodi. Alinikuta zizini, akasimama nje ya uzio, khanga ya kichwa ikiwa imekaa upande.

"Kaka, umefurahi?"

"Nimeshiba, dada. Kufurahi ni jambo jingine."

"Selwyn hakwenda kuchomwa sindano yake."

Nikaendelea kukamua.

"Siku yake imepita. Amejifungia chumba cha mbele. Anasema Nesi Denoon atamcheka, walinzi watamcheka, benchi lote litamcheka. Mgongo umerudi, Ancil. Jana miguu ilimfia ganzi akipanda ngazi. Nilimshika kama mtoto."

Nikaacha kukamua. Daktari alituonya kuhusu ganzi ya miguu. Alisema uvimbe ukiuminya uti wa mgongo, mtu hupoteza miguu, na hairudi. Kwa sindano usichelewe, alisema. Kwa ganzi usingoje hata kesho.

"Mwite daktari."

"Nimemwita. Hakumfungulia mlango. Anasema atatoka kwa sharti moja. Uje umwombe radhi."

"Radhi?"

"Radhi. Kwa mdomo wako."

"Anaijua kanuni."

"Anaijua. Ndiyo maana anaitaka."

Nikaucheka ujanja wake. Hata akiwa hawezi kupanda ngazi, Kamanda anautaka upanga wangu.

"Kuna jambo hulijui," akasema Ismay, sauti ikiwa imeshuka. "Yeye alianza kuchomwa mwaka mzima kabla yako. Ulipoanza kushika kiuno, ni yeye aliyeniambia, 'Kaka yako ana tatizo langu.' Ni yeye aliyekusumbua mpaka ukaenda kupimwa. Unakumbuka alivyokusumbua? Ulimwita bibi kizee. Bila Selwyn, wewe ungekuwa udongoni sasa hivi."

Mbuzi alipiga ndoo teke, maziwa yakamwagika. Sikuyatazama.

Alikuwa ameniokoa. Kweli tupu. Lakini lifikirieni upande wangu. Mwaka mzima kabla yangu. Maana yake siku anaufikiri ule ubeti wa ndafu, alikuwa anajua jasho lilivyo. Alikuwa anajua kitandani kulivyo, mke akikugeuzia mgongo kwa upole ili usione anajua. Mtu asiyejua akinicheka, ni mjinga. Selwyn alijua kila kitu, akatafuta na vina.

"Basi ndiyo mbaya zaidi," nikamwambia dada yangu.

"Utakuja au huji?"

"Nitakuja. Nangoja Zelma awashe gari. Leo ni Alhamisi."

Nilichukua upanga. Zelma aliuona, akashika usukani. Alibaki garini mbele ya nyumba ya Selwyn, injini inaunguruma. Mimi na Ismay tukapanda ngazi za baraza. Nikagonga mlango kwa mpini wa upanga.

"Nani?"

"Mfalme."

Kiti kililia ndani. Aliburuta mguu mmoja, nilisikia wazi.

"Umekuja kuniomba radhi?"

"Nimekuja kuchukua jibu langu. Nilisema Pasaka, nawe hujajibu. Zamu ni yako."

"Mimi sisemi tena."

"Basi nipe upanga wako hapo dirishani, nikautumie kuchochea moto wa matari."

"Uliniaibisha, Ancil. Mbele ya wajukuu wangu."

"Na wewe uliniaibisha mbele ya wangu. Tofauti ni moja. Mimi baada ya kuaibishwa nilikwenda nikafunua tumbo. Wewe umejifungia kama kuku anayeatamia."

"Kaka," akasema Ismay, ananivuta mkono.

"Nilikupeleka kwa daktari mimi," akasema Selwyn. Alikuwa sasa karibu na mlango. Pumzi zake nilizisikia kwenye mbao. "Mimi. Nilikulea kama yai."

"Ndiyo. Na kwa hilo nakushukuru, hapa hapa, mbele ya dada yangu. Asante, Selwyn. Sasa niambie. Kwa nini ulinisema?"

Niliusikia mgongo wake ukiegemea mlango.

"Dukani walianza kuuliza," akasema. "Kwa nini Kamanda anavaa sweta. Kwa nini Kamanda hakai karibu na moto. Walikuwa wananinusa, Ancil. Nikawapa wewe."

Nikawapa wewe. Kama mfupa. Jasho likanianza kifuani, likapanda, likaingia machoni, na sikulifuta.

"Sema pole," akasema. "Hata radhi usiite. Pole tu. Neno moja, naingia garini na wewe, nakwenda kuchomwa. Naapa kwa marehemu mama."

Nikasikia mkono wake umegusa komeo. Halikusogea, lakini chuma kililia kidogo. Ismay alinikazia mkono mpaka kucha zikaingia. Chini, Zelma alizima injini ili asikie.

Neno lilikuwa mdomoni. Nisiwafiche. Ni neno dogo, tunampa hata mtu aliyejikwaa.

"Selwyn," nikasema, "pale uwanjani nilisema uongo gani?"

"Hukusema uongo."

"Nilikutukana?"

"Ulinitaja."

"Nilisema unao ugonjwa nilio nao mimi. Nilisema unalala kwenye kitanda ninacholala mimi, unachomwa na nesi anayenichoma mimi. Kama hilo ni tusi la kuombewa radhi, basi mimi ni nani hapa barazani? Mimi ndiye hilo tusi, lenye miguu."

"Ancil, tafadhali," akasema Ismay. Alikuwa analia bila sauti.

"Unisikilize, Kamanda. Ukifa humo ndani, umenishindia nini? Nitakuja mazishini na upanga huu, nitasema beti zangu zote mbili juu ya jeneza, na fidla itapigwa, na wewe hutakuwa na jibu. Nataka uishi. Nataka uishi mpaka Kanivali, usimame mbele yangu unalowa, unitafutie kina kinachouma. Hilo ndilo deni lako kwangu."

Pumzi zake zilikuwa nzito. Komeo lililia tena, kidogo.

"Sema pole kwanza," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Zelma aliwasha injini. Kliniki haimngoji mtu, na njia ya kushuka mjini Scarborough ina kona nyingi.

Niliuweka upanga begani.

"Komeo liko upande wako," nikamwambia. "Mimi radhi siombi."